Mrejesho: Macho mekundu na matone ya dukani

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kwa nini macho yangu yalizidi kuwa mekundu ilhali kila siku nilitia matone ya nafazolini niliyonunua katika duka la dawa hapa Kondele, Kisumu. Nawashukuru mlionieleza kwamba dawa hiyo hubana mishipa ya damu ya jicho, na nguvu yake ikiisha mishipa hutanuka kuliko awali. Niliacha matone, nikawa naweka kitambaa chenye maji baridi. Siku 4 za kwanza wekundu ulizidi hata abiria wa matatu wakanikwepa, ila baada ya wiki 2 jicho la kulia lilitakata. La kushoto bado: daktari wa macho amekuta kinyama kinachoota upande wa pua, naye anakifuatilia.