Majirani wa Kirumba: mbunge akijiuzulu inakuwaje?

Mama Zawadi: Habari za jioni majirani. Vijana hapa kijiweni wanabishana. Mbunge akijiuzulu, si kiti anapewa aliyeshika namba mbili?

Mwl. Masanja: Namba mbili hapewi kitu, mama. Mbunge anamwandikia Spika barua yenye saini yake, Spika anaiarifu Tume ya Uchaguzi kwamba kiti kiko wazi, Tume inapanga siku ya uteuzi na siku ya kura. Kutangaza jukwaani tu hakumtoi mtu.

Koku Wakili: Hiyo ni ya jimbo. Viti maalum havina uchaguzi mdogo, nafasi inajazwa kutoka orodha ya chama. Na ikibaki chini ya miezi 12 Bunge livunjwe, jimbo linakaa hivyo hivyo.

Ngosha Mwaloni: Akihama chama je?

Koku Wakili: Ibara ya 71 ya Katiba, ubunge umekwisha. Ukerewe 2018 si mnaikumbuka? Mbunge wao Mkundi alitoka Chadema akaingia CCM, akarudi bungeni bila kupingwa. Kwa sheria ya uchaguzi ya 2024 mgombea akibaki peke yake anapigiwa kura ya ndiyo au hapana.

Mwl. Masanja: Wagombea wengi wanaangukia kwenye fomu ya uteuzi. Dhamana ni 50,000 tu, shida ni wadhamini. Wanatakiwa wasiopungua 25, WALIOJIANDIKISHA JIMBO HILO HILO. Mtu wa Mabatini ni wa jimbo la Nyamagana, hamdhamini mgombea wa hapa Ilemela hata kama anashinda hapa sokoni kutwa. Chukua 35, kisha linganisha kila jina na namba ya kadi herufi kwa herufi. Siku ya uteuzi fomu irudi asubuhi, saa kumi jioni mlango umefungwa. Mwisho wa pingamizi ni saa kumi ya kesho yake.

Ngosha Mwaloni: Uchaguzi mdogo nani anajali bwana 😂

Koku Wakili: Ndiyo maana kila kura ina uzito. Igunga 2011, baada ya mbunge Rostam Aziz kujiuzulu, walioandikishwa walizidi 170,000, waliopiga hawakufika 54,000. Kafumu wa CCM alimpita Kashindye wa Chadema kwa kura 3,200 na ushee. Hapo mawakala ndio mchezo wote. Wakala asiye na kiapo na barua ya utambulisho anabaki nje. Aliye ndani asiondoke bila nakala ya fomu 21B, yaani ya matokeo ya ubunge ya kituo, na kabla ya kusaini ajumlishe: kura halali na zilizoharibika zilingane na zilizotoka sandukuni. Ile inayobandikwa ukutani aipige picha.

Ngosha Mwaloni: Sisi tunaohama na dagaa? Nimejiandikishia Ukara.

Mwl. Masanja: Basi kura yako iko Ukara, ngosha. Ya hapa haikuhusu mpaka uhamishe taarifa daftari likiboreshwa, na haliboreshwi kila mwezi. Likifunguliwa nenda na kadi yako ya zamani.

Mama Zawadi: Wabeja. Sasa mnisaidie na hili, fomu 21B inabandikwa wapi, ndani au nje?

Koku Wakili: Nje ya kituo, mahali pa kuonekana na kila mtu.