Msaada: "disinterested witness" ni shahidi wa namna gani?

Wakuu, habari za jioni. Mjomba anaishi Marekani, anaandika wosia, kanitumia fomu nimfafanulie bibi kwa Kiswahili. Nimekwama hapa: mashahidi wawili wawe "disinterested". Nilimwambia bibi ni watu wasiojali. Akaweka miwani chini: "Sasa asiyejali anashuhudia nini?"

Kamusi ina maana mbili: asiyevutiwa na jambo (hiyo kwangu ni "uninterested"), na asiye na cha kufaidi. Kwenye wosia nadhani ni ya pili, yaani shahidi asiwe mrithi. Niko sahihi? Na mnaotafsiri mikataba, mnaandika "asiye na masilahi" au "asiyeegemea upande"? La pili naona halifiki. Hata mrithi anaweza kuwa mwadilifu.