Nimepinduka kichwa chini ndani ya Nile, mtu ananirekodi na kusema "mwache kwanza, ana pumzi huyu"

Wakuu, sijalala. Saa nane ya usiku hii, sikio la kushoto bado lina maji ya Jinja.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa "jamani tuchangamkeni", anayeshika michango ya kila safari, ambaye kila picha ya kundi yuko katikati na miwani yake.

Tulitoka Mwanza watu saba. Bukoba, Mutukula, Masaka, tukapiga picha Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta, Kampala, Jinja. Pale Namawojjolo aliniomba kuonja kuku wangu, akarudisha kijiti. Hilo nimesamehe. Leo hatuzungumzii kuku.

Tulienda kujifunza kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kasia, na mimi sikuwahi kuigusa. Mtumbwi ninaoujua ni wa wavuvi wa Kirumba, unakaa wima na unaheshimu watu. Kayaki unaingizwa miguu mpaka mapajani, unavalishwa sketi ya mpira inayobana mdomo wake ili maji yasiingie, na ikipinduka unapinduka nayo. Kichwa kinaenda kusalimia mawe, miguu imebaki ndani. Siku ya kwanza mwalimu alitufundisha kwenye maji yaliyotulia: ukipinduka, inama mbele, piga tumbo la kayaki mara tatu kwa viganja, kisha pitisha mikono ubavuni mbele na nyuma. Mwenzako analeta pua ya kayaki yake, unaishika, unajiinua kwa kiuno. Ukiona haji, vuta kitanzi cha sketi utoke. Akatupanga wawili wawili. Wangu mimi nani? YEYE. Akaapa mbele ya watu wote: "Dada, mimi niko nyuma yako."

Siku ya tatu tukaingia maji yenye mawimbi. Wala siyo yale maporomoko makali ya Itanda, ambako hata wazoefu wanashuka kwanza kukagua. Mawimbi ya wanafunzi. Likaja moja la pembeni, nikalala.

Nikapiga mara tatu. Kimya. Nikapitisha mikono. Kimya. Nikapiga tena mpaka sangara wakaitika karibu. Nilikaa chini muda ambao makande yanaiva na kupoa. Nikavuta kitanzi, nikatoka nimekunywa maji mpaka Misri watakuja kuyadai.

Nikajua hakuniona. Wiki nzima NIMEMTETEA. Kila aliyeuliza nikamwambia mto ulikuwa na kelele, kaka wa watu hakusikia.

Leo saa nne usiku katupia video kwenye kundi. Yeye yuko pembeni kwenye maji shwari, simu imo kwenye kimfuko cha plastiki. Viganja vyangu viwili vinaonekana vinapapasa ubavu wa kayaki kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mwenzetu mmoja anapiga kasia aje kunisaidia. Halafu sauti yake, haina hata haraka: "Mwache kwanza, ana pumzi huyu."

Mwache kwanza! Ana pumzi! Nani alimpimia hiyo pumzi? Nimeirudia video mara arobaini na kila nikifika hapo nasikia upya. Chini kaandika "kambare wetu". Watu wameweka vicheko ishirini na tatu. Kundi lina watu kumi na mmoja.

Mwache kwanza, ana pumzi huyu. Mtu aliyesema yuko nyuma yangu.

Sato wa Foil: Tupia video. Uzi bila video ni hadithi za abunuwasi.

Mama Pendo: Pole dada. Huyo namjua kabla hujafika kwenye miwani. Ndiye aliyetupoteza Lushoto saa tatu usiku, tunalia, yeye anasema "furahieni mandhari". Mandhari gani gizani?

Kasia Moja: Mimi nimo kwenye hilo kundi. Video nzima ina sekunde kumi na nne. Makande gani hayo yanaiva kwa sekunde kumi na nne?

Mleta uzi: Kasia Moja, ingia wewe kichwa chini sekunde kumi na nne, puani maji, miguu imefungwa, halafu njoo utuhesabie. Na vicheko viwili kati ya vile ni vyako, nimeviona.

Kasia Moja: Viwili tu. Vingine siyo vyangu.

Babu Nyakato: Binti yangu, pole sana. Lakini ulilipa hela yako mwenyewe ukafungwe kiunoni na kupinduliwa mtoni? Sisi tulipinduka bure, Ukerewe, na tukapigwa tukifika nyumbani.

Daktari wa Mtaa: Yote tisa. Umefikiria kichocho? Maji ya Jinja ndiyo ya Ziwa Victoria yanayotoka, konokono ni wale wale. Subiri kama wiki sita hadi nane ndiyo ukapime, mapema sana hakionekani. Dawa ni praziquantel.

Mleta uzi: Kwa hiyo na kichocho juu. Nikikutwa nacho, bili ya vipimo naituma kwake na ile video yake.

Mzee wa Mikondo: Mnalia na sekunde kumi na nne, mimi nalia na mto mzima. Nilifika Jinja enzi maporomoko ya Bujagali yapo. 2012 bwawa la megawati 250 likaanza kazi, yakabaki ziwa. 2019 likaja Isimba, megawati 183, likameza mengine huko chini. Hayo mawimbi yaliyokupindua ni mabaki. Mngeuona mto wenyewe!

Taa Imezimika: Mzee, umeme watu hawautaki? Mimi huku kwetu tangu jana giza, naandika kwa chaji asilimia nne, wewe unalilia mawimbi.

Mzee wa Mikondo: Sikusema siutaki umeme. Nasema ule mto naujua, na hautarudi.

Mama Pendo: Turudi kwenye michango. Lushoto alibaki na chenji zetu, akasema ni za "dharura". Dharura ilitokea, hela haikutoka. Jinja je, mlirudishiwa?

Mleta uzi: Hatukurudishiwa. Lakini jamani mada siyo hela, mada ni mtu kusema "mwache kwanza"

Sato wa Foil: Ngoja, elfu ngapi kila mmoja?

Kasia Moja: Elfu thelathini ya dharura. Watu saba. Hesabuni wenyewe.

Mama Pendo: LAKI MBILI NA KUMI. Ndiyo maana ana simu ya kurekodi watu chini ya maji.

Babu Nyakato: Na mpakani Mutukula mlibadili hela kwa nani? Mimi kijana mmoja alinihesabia shilingi za Uganda kwa kasi, nafika Masaka noti za katikati zimekunjwa mara mbili.

Taa Imezimika: Hao wa noti za kukunja wapo hata Namanga. Asilimia mbili.

Sato wa Foil: Afadhali nyie siku hizi mnapita daraja la Kigongo–Busisi. Sisi tulilala kwenye foleni ya kivuko na samaki wa watu wananuka.

Mleta uzi: Kuna mtu yeyote amesoma nilichoandika?

Mgeni Hapa: Samahani wakuu, nauli ya basi Mwanza mpaka Kampala sasa hivi ni bei gani?

Kasia Moja: Muulize yule wa miwani. Nasikia anaandaa safari nyingine Desemba.