Wakala wa "likizo ya familia Ulaya" kanilipisha viza ya mtoto wa miaka minne, na hela harudishi!

Wakuu, habari za saa hizi. Sijaja kuomba ushauri wa kwenda Ulaya, nimekuja kulalamika. Jina la kampuni siweki, mods wasije wakaufuta uzi.

Mimi na mama watoto tulipanga likizo ya mwezi wa sita tuwapeleke watoto Ulaya. Wako watatu: miaka 13, 9 na kitinda mimba ana 4. Tukaenda kwa wakala mwenye ofisi ya maana, kiyoyozi kinapuliza, mnara wa Eiffel umejaa ukuta mzima. "Boss, wewe lipia tu, mengine tuachie sisi." Tukalipia.

Sasa tazameni ankara. "Ada ya viza ya Schengen, watu 5 x euro 90 = euro 450." Schengen ni zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Tangu Juni 2024 euro 90 ni ya mtu mzima, na kuanzia miaka 12 ndiyo unahesabiwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45. Chini ya miaka 6 ni bure! Kwa hiyo familia yangu ni euro 315. Hizo 135 za juu zimekwenda wapi? Namuuliza dada wa mapokezi, ananijibu "ni mfumo". Mfumo gani unaomtoza mtoto anayelala na mdoli?

Hapo bado tiketi za ndege. Walitukazania tuzinunue kabisa kabla ya viza, eti bila tiketi iliyolipiwa ubalozi haupokei faili. Uongo mtupu. Kinachotakiwa ni kuonyesha umeshikiliwa nafasi ya kwenda na kurudi, basi. Wametuuzia tiketi zisizorudishwa hela maana kamisheni yao iko humo humo.

Ila kilichonipandisha presha ni ratiba. Siku 10. Paris usiku nne, makumbusho ya Louvre wametuwekea Jumanne. Jumanne Louvre inafungwa, wakuu, wala si siri! Halafu humo humo wamechaji tiketi za Louvre za watoto watatu, wakati chini ya miaka 18 wanaingia bure. Baada ya Paris: chai Brussels, chakula cha mchana Amsterdam, kulala Köln, Ujerumani. Siku moja! Na mtoto wa miaka minne ambaye hata hapa Dar, tukitoka Mbezi kwenda Posta, anaomba kukojoa mara mbili njiani. Kesho yake basi la usiku Köln hadi Roma, zaidi ya kilomita 1,300. Hiyo ni Dar hadi Bukoba, mnaifahamu wenyewe. Na Makumbusho ya Vatican wametupangia Jumapili ya katikati ya mwezi, siku ambayo hayafunguliwi.

Mwisho kabisa eti "London, siku 1, bonasi". London kwa viza gani? Uingereza haimo Schengen, ina viza yake na ada yake. Tungefika stesheni ya treni Paris na mabegi na watoto, tukarudishwa.

Mambo yakalipuka siku ya miadi. Faili walilipeleka kwa nchi ambayo tunalala usiku mmoja tu, kisa "kule wanatoa kirahisi". Kanuni ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi, na kwetu hiyo ni Ufaransa. Yule binti wa dirishani alifunua karatasi, akahesabu hoteli kwa kidole, akamuuliza mke wangu kwa upole tu: "Mama, mbona nyinyi mnakwenda Paris?" Mke wangu hakuwa na jibu. Bima nayo ina majina ya wazazi tu, wakati kila msafiri, hata wa miaka minne, anatakiwa awe na bima isiyopungua euro 30,000. Na wale wadogo wawili walitolewa shule siku hiyo wakachukuliwe alama za vidole, kumbe chini ya miaka 12 hawachukuliwi.

Nimedai hela yangu. Kwanza simu zinapokelewa, meneja yuko kikaoni. Baadaye hazipokelewi. Juzi nikatumiwa kipande cha mkataba kwa WhatsApp, mstari mmoja umezungushiwa wino mwekundu: malipo hayarejeshwi "kwa sababu yoyote ile". Hata sababu ikiwa ni wao wenyewe?

Wale wa "ungeenda Mikumi tu" naomba mpite kimya kimya, Mikumi tumeshakwenda. Ninaowataka ni waliowahi kumdai wakala wa safari hadi akalipa: mlianzia wapi, polisi au kwa mwanasheria? Risiti zote ninazo, na ile ratiba ina mhuri wao.

Leo asubuhi nimepata ujumbe mpya kutoka kwao: "Boss, Ulaya naona imekuwa ngumu. Tukugeuzie iwe Dubai? Utaongezea kidogo tu."