Naomba ushauri: nibaki Python 3.12 au nirudi 3.10?

Habari zenu wakuu. Nina mradi wa kutambua magonjwa ya majani ya mahindi kwa picha. Kompyuta yangu ni ya Windows, ina kadi ya michoro (GPU) ya NVIDIA na RAM ya GB 8, na nimeweka lugha ya programu ya Python, toleo la 3.12. Nikiiambia pip (kisakinishi cha Python) iniwekee TensorFlow 2.10, maktaba ya kufundishia modeli, inagoma, inasema hakuna toleo linalolingana.

Naing'ang'ania 2.10 kwa sababu ndiyo ya mwisho kutumia GPU moja kwa moja ndani ya Windows. Kuanzia 2.11 lazima upitie WSL2, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Sasa hiyo 2.10 inaishia Python 3.10, na 3.10 itaacha kupewa marekebisho ya usalama Oktoba 2026. Hapo ndipo nasita.

Juzi niliiacha modeli ijifunze kwa CPU (prosesa ya kawaida, bila GPU) usiku kucha. Asubuhi nikakuta imemaliza raundi 3 kati ya 50! Kwa mwendo huo sifiki.

Je, niweke 3.10 pembeni, kwenye mazingira yake yaliyotengwa (venv), au nihamie WSL2 moja kwa moja? Kwa RAM hii WSL2 haitanibana? Aliyewahi kupita hapa anisaidie, tafadhali.