Naomba ushauri: je, dawa za ARV zinaweza kumtibu mama mwenye korona?

Mtoa mada: Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mama yangu ana umri wa miaka 68, anatumia amlodipini kwa ajili ya presha na simvastatini kwa ajili ya lehemu, na jana amepimwa akakutwa na korona. Homa ni ya wastani na anakula, ila kuna jamaa ananihimiza nimtafutie ARV za lopinaviri na ritonaviri, akidai kwamba ritonaviri imo hata kwenye Paxlovid, vidonge vya kutibu korona. Je, ana hoja?

Mfamasia_Tanga: Mpe mama pole zetu. Hoja yake ina ukweli nusu. Vidonge hivyo vya ARV vilijaribiwa Wuhan mapema mwaka 2020 bila kuonyesha nafuu ya maana, kisha Uingereza katika utafiti wa RECOVERY, ambako kwa wagonjwa waliolazwa walifariki 23 kati ya kila 100 waliopewa, na 22 kati ya kila 100 wasiopewa. Ndani ya Paxlovid, anayepambana na korona ni nirmatreliviri, kwa kukizuia kimeng'enya ambacho kirusi hukihitaji ili kijizalishe. Ritonaviri imewekwa tu kulizuia ini lisiivunje nirmatreliviri mapema. Hapo ndipo hatari ilipo kwa mama, kwa sababu ini likishazuiwa, simvastatini nayo hurundikana mwilini na yaweza kuharibu misuli, na amlodipini ikashusha presha kupita kiasi.

BintiKigoma: Naafiki, ingawa tusiibeze njia yenyewe ya kujaribu dawa za zamani kwa ugonjwa mpya. Remdesiviri ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Ebola huko Kongo, ikazidiwa na dawa za kingamwili mwaka 2019, lakini mwaka uliofuata, katika utafiti ulioongozwa na Wamarekani, wagonjwa wa korona walioipata walipona kwa siku 10 badala ya 15. Hata hivyo hiyo hutolewa kwa dripu, si dawa ya kuinunua na kunywea nyumbani.

Mtoa mada: Nashukuruni sana. Basi Paxlovid yenyewe je, tuisahau?

Mfamasia_Tanga: La hasha, kwa umri wake inafaa kuulizwa. Daktari anaweza kuisimamisha simvastatini kwa muda, akaangalia kipimo cha amlodipini na hali ya figo, lakini dozi sharti ianze ndani ya siku 5 tangu dalili zijitokeze. Mpeleke kesho asubuhi, ukiwa umebeba dawa zake zote katika pakiti zake, na akianza kuhema kwa shida usiku huu, msingoje kukuche.