Toazi la kanisa na safari ya Jinja

*Kikundi: Majirani wa Amagoro, Tororo*

Mwenyekiti LC1 (serikali ya kijiji): Habari za asubuhi majirani. Simu tatu nimepokea kabla hata sijanywa chai, zote za kelele za jana usiku pale karakana kwa Fundi, bendi yao ya metali, ule muziki wa magita mazito, ikifanya mazoezi. Tulikubaliana mwisho saa ngapi?

Fundi Milango: Habari ya asubuhi Mwenyekiti. Sisi tulizima saa nne kasorobo. Iliyoendelea ni jenereta ya ile baa ya ng'ambo.

Mama Duka: Kasorobo ya saa ya nani? Chupa zangu za soda ziligongana kwenye shelfu mpaka nikaingiza maboksi katikati.

Boda wa Kona: Mama Duka, waambie pia uliuza chapati ngapi 😂

Mama Duka: Hiyo ni biashara. Haimo kwenye lalamiko.

Mama wa Kwaya: Mimi langu ni toazi, ile sahani ya shaba inayopigwa pamoja na ngoma. Leo alfajiri nimefungua kanisa, ngoma mlizoazima zimerudishwa vizuri, zimefunikwa, asante. Lakini lile toazi kubwa lina ufa kutoka ukingoni, urefu wa kidole. Jumapili tunapiga nini, mikono?

Mama wa Kwaya: 📷 Picha

Mzee wa Reli: Toazi hilo ni mchango wa akina mama. Nilikuwa mweka hazina. Risiti ninayo.

Boda wa Kona: Mzee ana risiti ya kila kitu tangu uhuru

Fundi Milango: Mama, ufa ulianza Pasaka, wakati wa ule mkutano wa siku tatu. Ulikuwa kama unywele. Hata mpiga ngoma wenu wa asubuhi anaujua, tulitazama pamoja. Ila sikatai, sisi tumeurefusha. Hatupigi polepole.

Boda wa Kona: Si wewe ni fundi wa kuchomelea? Chomelea yaishe

Fundi Milango: Ndugu yangu, toazi si dirisha. Lile ni shaba na bati. Yaliyo mazuri yana shaba asilimia 80 na bati 20. Limefuliwa likapozwa kwa utaratibu wake, ukilipiga moto pale kwenye ufa ule ugumu unakufa. Utaona limeunganika, lakini ukiligonga linasema ko, basi. Na baada ya wiki linapasuka pembeni ya ulipochomelea. Dawa ni kutafuta ncha ya ufa, ile ambayo jicho linaikosa. Unapaka mafuta kidogo na vumbi la mkaa, unafuta, mkaa unabaki ndani ya mstari. Pale unapoishia unatoboa tundu dogo, milimita 3 hivi, na drili unaizungusha taratibu lisipate moto. Ufa ukifika kwenye tundu unakosa pa kwenda. Ukingo uliobaki naukata kwa msumeno, naulainisha kwa tupa. Litakuwa na pengo lakini litalia. Leo jioni nakuja nalo Mama, utaligonga mwenyewe.

Mama wa Kwaya: Na jipya?

Fundi Milango: La inchi 16 Kampala wamenitajia laki nne na nusu.

Mama Duka: Banange!

Mama wa Kwaya: Mimi sina ugomvi na ngoma. Zaburi ya 150 imetaja matoazi. Ugomvi wangu ni huyu kijana wangu. Mwaka juzi grinda ilimkata kidole hapo hapo kwa Fundi. Nikasema Mungu ana njia zake, gita la kelele limekwisha, litabaki la kwaya. Kumbe!

Kijana wa Gita: Mama jamani, mbele ya watu wote 🙈

Kijana wa Gita: Kidole kilipona. Na huo muziki wenyewe umeanzia kwenye vidole vya namna hiyo. Tony Iommi, mpiga gita wa bendi ya Black Sabbath, kule Birmingham, Uingereza, alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kwenye kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni mtu wa kushoto, kwa hiyo vilikuwa ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko. Baadaye akaanza kulegeza nyuzi zisimuumize, kufikia 1971 alikuwa amezishusha nusu-sauti tatu nzima. Uzi ukilegea sauti inashuka, inakuwa nzito. Ndiyo hiyo inayotingisha soda za Mama Duka.

Mzee wa Reli: Kiwanda kilimlipa fidia?

Boda wa Kona: 😂😂 Mzee!

Mzee wa Reli: Ni swali la kawaida kwa mtu aliyefanya kazi karakana.

Shangazi Malaba: Mimi nilitaka kuuliza kuhusu yule mwimbaji. Nilipita Jumanne nikadhani kuna mtu anatolewa pepo. Nikaharakisha boda.

Sister Wodi: Huyo ni mwanangu Shangazi. Hana pepo, ana njaa tu, anamaliza chungu.

Sister Wodi: Hata mimi niliogopa. Nikampeleka kwa daktari wa koo, akapitisha kamera. Nyuzi za sauti nzima, hazina hata uvimbe. Juu ya nyuzi zile tunazozungumzia kuna mikunjo mingine miwili, wengi wetu hatuitumii kabisa. Yeye anatetemesha hiyo, na pumzi anaitoa tumboni. Makondakta wa stendi ndio wanaoharibu koo, nawaona kliniki kila wiki. Nilichomkataza ni maji ya barafu na kulala saa nane.

Mwenyekiti LC1: Sawa, koo limeeleweka. Turudi kwenye saa nne.

Boda wa Kona: Mwenyekiti subiri, watu hawajaona bango. Jumamosi ijayo bendi yetu inapiga JINJA 🔥🔥

Boda wa Kona: 📷 Picha

Mzee wa Reli: Jina la bendi liko wapi?

Boda wa Kona: Ni hilo la juu mzee

Mama Duka: Hilo? Mimi naona mizizi ya mti imeng'olewa na mvua.

Mama wa Kwaya: Nimegeuza simu. Bado.

Kijana wa Gita: Bendi za metali zote zinaandika hivyo Mama. Ukisomeka haraka wanakudharau.

Mzee wa Reli: Na polisi wakiuliza nani anapiga, mtawaonyesha mizizi?

Shangazi Malaba: Jinja si ndiko lile tamasha ambalo wabunge walitaka lifungwe?

Fundi Milango: Nyege Nyege ni kitu kingine Shangazi. Ni kweli 2022 bunge lilitaka kulisimamisha, serikali ikaruhusu lifanyike. Sisi hatuendi huko, tunapiga kwenye baa ya kawaida, watu mia labda. Lakini hao wa Nyege Nyege nawashukuru kwa moja. Lebo yao ya kutoa muziki iko Kampala, na 2020 ndiyo iliyotoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi. Ni makelele ambayo hata mimi yananishinda kuyavumilia mpaka mwisho, na wazungu wakayaandika magazetini. Tulipoyasikia tukasema kumbe mlango upo.

Fundi Milango: Ila mwaka wenyewe ndio ule. Tulikuwa tumeanza kuitwa Mbale, Soroti, mwezi wa tatu korona ikaja, kila kitu kikafungwa. Starehe za usiku hazikufunguliwa mpaka Januari 2022. Mwimbaji wetu wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule binafsi. Shule imefungwa, mshahara hakuna, akaingia kwenye biashara ya mahindi na mpaka leo yuko kwenye mahindi. Ana lori sasa. Nikimwita mazoezi ananicheka.

Boda wa Kona: Na mwaka jana ile baa ya nguruwe, waambie

Fundi Milango: Ile tuiache.

Boda wa Kona: Nawaambia mimi basi. Spika nilizibeba mimi, mara mbili. Tumepanga vyombo, wimbo wa kwanza, meza nne zimesimama zikaondoka na sahani zao. Wimbo wa pili umeme umekatika. Jenereta imewashwa, mwenye baa amekuja na tochi usoni anauliza, hamna Lingala? Kijana wa Gita hakujibu kitu, akapandisha nyuzi, akaanza sebene. Watu wakarudi na sahani! Wakacheza mpaka saa saba. Mwimbaji amekaa kwenye kreti anakula mihogo, hana kazi. Tukalipwa nusu ya makubaliano na kilo mbili za nyama.

Mama wa Kwaya: Sebene hiyo ameifundishwa na kwaya yangu.

Kijana wa Gita: Kweli Mama. Na kasi ya mkono wa kulia ni ile ile, hapa naongeza uchafu tu.

Dada wa Besi (Doha): Habari zenu nyumbani ❤️ Nimetoka zamu sasa hivi nakuta jumbe 80

Mama Duka: Mwanangu! Umekula?

Dada wa Besi (Doha): Nimekula Mama Duka. Gita langu la besi bado liko stoo kwako?

Mama Duka: Eeh… lilikuwa.

Dada wa Besi (Doha): Lilikuwa?? Na Jinja nani anapiga besi?

Boda wa Kona: 👀

Kijana wa Gita: 👀

Dada wa Besi (Doha): Nauliza vizuri

Mwalimu wa Hesabu: Ni mimi.

Mama wa Kwaya: Mwalimu!!

Shangazi Malaba: Mwalimu gani huyu, huyu wa tai?

Mwalimu wa Hesabu: Naomba habari hii isitoke nje ya kikundi.

Boda wa Kona: Mwalimu humu tuko 143 😂😂😂

Mwalimu wa Hesabu: Niliingia pale karakana kuagiza geti. Walikuwa na wimbo wa mapigo saba, na kila wakifika la saba mmoja anaanguka. Nikawaambia msihesabu saba, hesabuni mbili, mbili, tatu. Wakaupiga ukanyooka. Fundi akaniambia chukua hilo besi uonyeshe. Shuleni nilikuwa napiga gita la bati kwenye bendi, kwa hiyo vidole vilikuwa bado vinakumbuka. Geti lenyewe sijapewa hadi leo.

Fundi Milango: Geti limebaki rangi tu Mwalimu.

Dada wa Besi (Doha): Basi nimefurahi. Nyuzi mbadilishe, zile nne ni za zamani mno. Uzi wa chini ukiushusha unagonga kile chuma cha tano cha shingoni, uinue daraja kidogo na ile spana ndogo iliyo mfukoni mwa begi. Na usilipige na pete kidoleni Mwalimu.

Mwalimu wa Hesabu: Nimesikia dada. Pete nitaivua.

Mama wa Kwaya: Mke wake ameuona ujumbe huu?

Mwalimu wa Hesabu: Ndiye anayenishonea fulana nyeusi.

Dada wa Besi (Doha): Na toazi natuma laki moja mwezi ukiisha. Ile sauti ya mazoezi mliyonirushia wiki iliyopita naisikiliza kwenye basi la kampuni. Wenzangu Wanepali wanaipenda, Nepali kuna bendi za hivi nyingi sana.

Sister Wodi: Elfu hamsini kwangu.

Mzee wa Reli: Elfu ishirini. Nataka risiti.

Mama Duka: Mimi elfu thelathini, Fundi aniondolee deni la chapati kwanza.

Fundi Milango: Asanteni sana jamani. Jinja watatulipa laki tatu, mafuta na usafiri vikitoka tunabaki na kama laki na nusu, yote inaingia kwenye toazi. Watu wanauliza tunatafuta nini. Kuna bendi inaitwa Overthrust, wako Ghanzi, Botswana, mji wa wafuga ng'ombe katikati ya Kalahari. Mwaka 2016 walipiga Wacken, Ujerumani, pale metali yote ya dunia inapokutana. Ghanzi ni kamji kadogo kuliko Tororo. Na hawana mlima wa jiwe katikati ya mji.

Shangazi Malaba: Wala vumbi la simenti.

Mama wa Kwaya: Ngoma za kanisa haziendi Jinja. Nasema mapema.

Fundi Milango: Haziendi Mama, kule wana ngoma zao. Naenda na kanyagio langu na fimbo.

Mwenyekiti LC1: Nimewasikia wote. Uamuzi: kuanzia leo hadi Ijumaa mazoezi ni saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Mlango wa karakana ufungwe, magunia yatundikwe dirishani. Jumapili hakuna. Fundi toazi lifike kanisani kesho kabla ya saa sita. Mkitoka Jinja tutakaa tena.

Fundi Milango: Asante sana Mwenyekiti. Magunia nani anayo?

Mama Duka: Ya sukari ninayo sita. Yarudi.

Boda wa Kona: Gari linatoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Viti viwili vimebaki

Mzee wa Reli: Niwekee kimoja cha mbele. Magoti hayakunji.

Boda wa Kona: Mzee unaenda metali??

Mzee wa Reli: Ninaenda Jinja. Nina mtu wa kumwona.

Mama Duka: Na hicho kingine ni changu. Nguo nyeusi ni lazima?

Kijana wa Gita: Si lazima Mama Duka, njoo na chapati tu.

Mama Duka: Chapati ni mia tano. Hata Jinja.